Natua 737 upepo wa ubavuni kila siku naishia majanini, naombeni msaada

Mwewe_wa_Geto: Wakuu habari za usiku, nina simuleta hapa geto narusha 737-800, upepo ukiwa wa mbele natua freshi tu ila ukija wa ubavuni notsi 25 (yaani maili 25 za baharini kwa saa) ni balaa, nikiinyoosha pua mapema unanisukuma nje ya mstari wa kati, nikichelewa nagusa chini ndege imekaa mshazari matairi yanalia. Jana nimejaribu mara tisa, zote majanini. Nakosea wapi?

Nahodha Mtumbwi: Mkuu ushawahi kuvuka mto wenye mkondo? Hulengi ng'ambo moja kwa moja, unaelekeza kichwa juu kidogo mto wenyewe ukushushe unapotaka. Ndo hiyo pua kukaa upande, marubani nao wanaiita kaa, yule yule wa ufukweni. Usiinyooshe futi 200 bana! Subiri unapoinua pua kutua, futi 20 hivi. Upepo ukitoka kushoto kanyaga pedali ya kulia taratibu, na hapohapo usukani wa mkono kidogo kushoto, maana pua ikienda kulia bawa la kushoto linaongeza kasi linataka kuinuka.

Mwewe_wa_Geto: Eeh hapo kwenye usukani ndo sifanyi kabisa, nakanyaga pedali basi 😂

kandambili_angani: Ila usilaze bawa sana, injini za 737 ziko chini mno unaweza kuziburuza kwenye ranwei. Na ukishagusa usiachie usukani, wengi wanashangilia mapema bawa linanyanyuka. Kama ranwei imelowa, kugusa ukiwa mshazari kidogo sio dhambi, kwenye kavu ndo matairi yanateseka.

Bi Mkubwa wa Siti 14A: Sasa sie abiria tukiona ranwei kupitia dirisha la pembeni tusome dua au tutulie?

kandambili_angani: Tulia mama, ndo inavyotakiwa. Wasiwasi ni pale wanapong'ang'ania. Hamburg tarehe 1 Machi 2008 A320 ya Lufthansa ilitua kwenye dhoruba, bawa la kushoto likagusa ranwei, wakapaa tena wakaja kutua ranwei nyingine, hakuna aliyeumia. A320 ilijaribiwa upepo wa ubavuni wa notsi 33, ukivuma kwa vishindo 38, na hiyo sio ruhusa ya kila mtu kujipima.

Nahodha Mtumbwi: Halafu mleta uzi angalia pembe, notsi 25 kutoka digrii 30 za ranwei ubavuni inakupiga 12 na nusu tu, ukiwa digrii 90 unaila yote. Anza na 10 kwanza.

Mwewe_wa_Geto: Nimerudi wakuu, 10 nimetua mara tatu mfululizo, 15 nimegusa tairi moja kwanza la upande wa upepo nikajua nimeharibu, kumbe ndo penyewe?

kandambili_angani: Ndo penyewe hapo. 25 tuonane wiki ijayo.