Mjadala: Hela ya mradi kurudi Hazina 30 Juni, ni nidhamu au ni kukomoana?

Mtu wa Bahi:
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye kamati ya ujenzi wa zahanati kijijini kwetu. Boma tulilipandisha wenyewe kwa michango na nguvu zetu mpaka lenta. Mwaka jana, mwisho wa Mei, tukaambiwa hela ya kupaua imeingia halmashauri. Tukatakiwa kupitisha manunuzi kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni. Mtandao unakuja na kukata, na mganga mfawidhi, ambaye ndiye mwenye nywila, yuko semina mjini. Tarehe 28 Juni tunapeleka maombi ya malipo ya mabati, tunajibiwa mfumo unafungwa. Julai tunaambiwa salio limerudi Hazina. Mpaka leo jengo halina paa, popo wanaingia na kutoka.

Na jambo moja mlitazame. Huku kwetu mvua ni Desemba mpaka Aprili. Lori la mchanga linafika kijijini bila kukwama kuanzia Mei. Yaani njia inapofunguka ndipo vitabu vinafungwa. Kwa nini hela ya mradi isivuke mwaka?

Karani Mstaafu:
Kijana, hiyo hela haikuwa yenu. Bunge linaidhinisha matumizi ya mwaka mmoja, Julai mpaka Juni, na tarehe 30 ikiisha idhini nayo imeisha. Sheria ya Bajeti ni ya 2015, si ya jana. Na mlango upo: afisa masuuli, ambaye kwenu ni mkurugenzi wa halmashauri, anaiandikia Hazina mapema kueleza kwa nini hela imebaki. Mkurugenzi wenu aliandika? Muulizeni yeye, msiisingizie sheria. Sisi tuliofanya kazi na leja za mkono tunakumbuka halmashauri moja kuwa na akaunti lukuki, na hakuna anayeweza kukwambia jioni hiyo serikali ina shilingi ngapi. Akaunti Jumuifu ya Hazina, inayoweka hela za serikali mahali pamoja, haikuletwa kwa ajili ya kuwakomoa.

BintiZabibu:
Shikamoo mzee. Ila hilo "kijana" limetoka wapi? Mtoa mada hajasema umri wake.

Turudi kwenye mada. Tatizo si letu peke yetu. Marekani mwaka wa serikali unaisha 30 Septemba, na watafiti wawili waliofuatilia manunuzi ya serikali kuu yao walikuta wiki ya mwisho matumizi yanafika karibu mara tano ya wiki ya kawaida, na miradi ya kompyuta iliyonunuliwa wiki hiyo ubora wake ulikuwa chini. Wizara yao ya Sheria ina ruhusa maalumu ya kuvusha hela, na huko ubora haukushuka namna hiyo. Sweden nako taasisi inaruhusiwa kuvusha asilimia ndogo ya fungu lake. Si lazima uchague kati ya kufyeka yote na kuacha yote.

Pita Njia:
Mjomba wangu naye ana lenta tangu 2019 na hajaidhinishiwa na Bunge lolote 😂

Kuvusha hela kuna nchi imejaribu. Nigeria wameongeza muda wa bajeti ya maendeleo mara kadhaa, matokeo yake bajeti mbili zinatembea pamoja na raia hajui anaulizia ipi. Uingereza walianzisha utaratibu wa kuvusha mwaka 1998, wizara zikalimbikiza haki za matumizi, na 2010 wakaufuta wakaleta mwingine wenye masharti.

Halafu tuseme ukweli, watu wa Dodoma mnaipenda Juni hivyo hivyo ilivyo. Bunge la Bajeti likianza Aprili chumba cha elfu ishirini na tano kinageuka hamsini, na Juni semina za kumalizia mafungu zinajaza kumbi. Hela ikiruhusiwa kuvuka mwaka, hao popo wa Bahi watahamia kwenye gesti zenu.

Mama Gesti Nkuhungu:
Popo wahamie kwenu. Wewe unajua mkopo wa benki ulivyo? Miezi mingine vyumba vinane viko wazi, nalipa mlinzi, nalipa luku, nalipa maji, na hapa Dodoma maji yakikatika unanunua boza. Bunge likija nipandishe kidogo nionekane mwizi? Daladala zikipandisha Krismasi mbona mnapanda mkiwa mmenyamaza?

Fundi Lenta:
Mama, "kidogo" ndiyo mara mbili? Mimi mwaka juzi nilikuja kufuatilia malipo Mtumba, kwenye mji wa serikali, nikalala chumba feni inazunguka kama inafikiria, elfu arobaini na tano. Chai ya asubuhi na chapati moja.

Mama Gesti Nkuhungu:
Hukulala kwangu. Kwangu chapati ni mbili.

Mkazi wa Area C:
Hoja ya gesti ni ya kweli lakini nusu. Serikali ilipohamia huku kuanzia 2016 kodi za nyumba zilipanda mwaka mzima, si Juni tu. Anayelia na gesti siku nne aje aulize mpangaji wa miezi sita kwa mkupuo.

Nesi wa Kongwa:
Samahani, mie kuna kitu kimenichoma huko juu. "Mganga mfawidhi yuko semina" kimesemwa kama vile alikwenda kucheza. Huyo mtu anatibu, anaandika ripoti, anahesabu dawa, kisha jioni awe afisa manunuzi na mhasibu. Tangu hela zianze kuletwa moja kwa moja vituoni 2017/18 kazi imeongezeka, watu hawajaongezeka. Kituo chenye watumishi wawili kitenganishe vipi anayeagiza, anayepokea na anayelipa?

Fundi Lenta:
Dada yangu hakuna aliyemtukana mganga.

Nesi wa Kongwa:
Nimesoma nilichosoma.

Mama Gesti Nkuhungu:
Na nyie mnaosema napenda Juni, ngoja niwaambie. Halmashauri moja, siitaji, ilileta watu kumi na wanne kwangu mwaka jana mwezi huo huo wa sita, siku nne, chakula na vinywaji, kwa LPO, ile hati ya kuagiza sasa na kulipa baadaye. Nikaenda Julai kudai, naambiwa hela imerudi Hazina, subiri. Nimesubiri. Sasa huyo Juni ninayempenda amenifanyia nini?

Karani Mstaafu:
Mama, pole. Ila nikuulize kitu kimoja na usinikasirikie. Hiyo LPO ilichapwa kutoka kwenye mfumo, au iliandikwa kwa mkono kwenye kitabu?

Mama Gesti Nkuhungu:
Ina muhuri na sahihi.

Karani Mstaafu:
Sikuuliza muhuri. Ikitoka kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, maana yake fungu lilikuwepo na lilishikiliwa kwa jina lako. Ikiandikwa kitabuni, mfumo haukujui. Wewe ni mdai wa karatasi, itabidi uhakikiwe kwanza ndipo uingizwe kwenye madeni ya wazabuni.

Mama Gesti Nkuhungu:
Kwa hiyo kosa langu. Mtu wa serikali anakuja na gari la serikali na muhuri wa serikali, mimi nimwambie kaka subiri kwanza nikague mfumo wako?

BintiZabibu:
Hapo mama yuko sahihi, na ndiyo maana nasema mfumo peke yake si mwarobaini. Malawi walikuwa na mfumo wa kisasa, 2013 watu wa ndani wakawa wanalipana humo humo na kufuta miamala. Ile kashfa ya Cashgate.

Karani Mstaafu:
Malawi ni Malawi.

Pita Njia:
Na Sweden ni nini, mzee? 😂 Ulikuwa kimya.

Karani Mstaafu:
Sweden sikuijibu kwa sababu haina kijiji chenye mganga mwenye nywila moja. Nimeitumikia serikali hii miaka thelathini na moja, sina sababu ya kubishana na watu wa kucheka kwa vikatuni.

Mkazi wa Area C:
Ila mzee, habari ya mvua hukuijibu.

Fundi Lenta:
Tuachane na mzee. Mama, zile chapati mbili ni pamoja na supu?

Mtu wa Bahi:
Nimerudi, nilikuwa shambani. Mzee, barua tulikwenda kuulizia. Tulijibiwa iliandikwa, nakala hatukuonyeshwa. Mabati muuzaji alitushikia mwezi mmoja akauza.

Mama wa Nkuhungu, samahani, hao watu kumi na wanne walikuja tarehe ngapi?

Mama Gesti Nkuhungu:
Kumi na saba mpaka ishirini. Kwa nini?

Mtu wa Bahi:
Semina ilihusu nini?

Mama Gesti Nkuhungu:
Waganga wa zahanati. Walikuwa wanafundishwa kutumia NeST.

Mtu wa Bahi:
Wetu alirudi tarehe 21. Alisema alilala Nkuhungu na chai ilikuwa nzuri.