Mikono ya wasusi inawasha na kupasuka: ni rangi, shampuu au glavu zenyewe?

SaluniArua
Habari za kazi wadau. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya ngozi. Kuna saluni hapa Arua yenye wafanyakazi watano, na wawili mikono yao imeharibika.

Wa kwanza bado anajifunza kazi, anaosha vichwa kutwa nzima. Katikati ya vidole pamekauka, pana magamba, na ngozi inapasuka. Anasema inauma kama moto kuliko kuwasha. Wa pili ni mpakaji rangi za nywele wa miaka mingi. Nje ya viganja pamevimba, pana vilengelenge vidogovidogo vinavyotoa maji, na mwasho unamkosesha usingizi. Akipumzika Jumapili na Jumatatu anapata nafuu. Akirudi kazini, ikifika Jumatano mambo ni yale yale. Alinunuliwa glavu za mpira, na tangu azivae hali imezidi. Duka la dawa walimpa tyubu ya krimu ya mchanganyiko, ikatuliza wiki mbili, kisha ikarudi.

Je, hawa wawili wana ugonjwa mmoja? Chanzo tukitafuteje? Na wafanye nini maana kazi haiwezi kusimama?

Kliniki_ya_Ngozi
Dada, hayo ni magonjwa mawili yanayofanana kwa sura. Yote huitwa ukurutu wa kugusa, lakini njia zake ni tofauti, na ukizichanganya utapoteza hela za dawa.

Wa kwanza dalili zake ni za ngozi iliyochoshwa. Maji, shampuu na msuguano vimekomba mafuta ya asili yanayofunika ngozi, na sabuni inajificha kati ya vidole na chini ya pete. Hapo hakuna mzio (aleji). Yeyote akilowesha mikono saa za kutosha atafika huko, ila mwenye ngozi kavu au aliyekuwa na pumu ya ngozi utotoni hufika mapema. Kuuma na kupasuka kwake kunazidi mwasho.

Wa pili anaelekea kwenye mzio. Hapa mwili wenyewe umejifunza kukichukia kitu fulani. Kujifunza huko huchukua siku 10 hadi 14 kwa uchache, na mara nyingi miaka, ndiyo maana mtu husema "nimetumia rangi hii miaka kumi, haiwezi kuwa yenyewe." Inaweza kabisa. Mwili ukishajifunza, tone dogo linatosha, na vipele havitokei papo hapo: hutokea baada ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo vipele vya Jumatano vinaweza kuwa vya kazi ya Jumanne, na mtu analaumu sabuni aliyoogea asubuhi ileile.

Tena msisubiri wekundu. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivujivu, na vipele vidogo unavisikia kwa kidole kabla ya kuviona.

Kabla sijasema zaidi naomba mambo matatu. Vipele vya huyu wa pili vinaishia wapi hasa? Akivaa glavu anaanza kuwashwa ndani ya dakika chache au siku ya pili? Na akila ndizi mbivu au ovakado, mdomo unamwasha?

SaluniArua
Nimemwangalia leo mchana. Vipele vinaishia juu kidogo ya kifundo cha mkono, palepale mdomo wa glavu unapoishia, kama mstari uliopigwa kwa rula. Viganja kwa ndani ni safi kuliko nje. Mwasho unakuja kesho yake, si papo hapo. Ndizi na ovakado anakula bila shida.

Kliniki_ya_Ngozi
Mstari huo ni ushahidi mkubwa. Rangi ya nywele ikichuruzika haikati mstari, inaacha mabaka yasiyo na mpaka. Mpaka ulionyooka unaolingana na mdomo wa glavu unaelekeza kwenye glavu. Mara nyingi kinacholeta vipele vya namna hii ni kemikali za kuugandisha mpira kiwandani, yaani thiuramu na kabamati. Jasho linazitoa, na ngozi ya nje ya kiganja ni nyembamba, inazipokea upesi. Ndani ya kiganja ngozi ni nene, ndiyo maana umekuta safi.

Swali la ndizi na ovakado lilikuwa na sababu. Kuna mzio mwingine, wa protini za utomvu wa mpira. Huo huja ndani ya dakika: mabaka yanayovimba, kupiga chafya, kifua kubana. Baadhi ya wenye mzio huo huwashwa na ndizi, ovakado au kiwi. Akitokea mtu wa namna hiyo, glavu za mpira asiguse tena hata kwa kujaribu, na akibanwa kifua ni hospitali saa hiyo hiyo.

Bado siiachi rangi. Rangi nyingi nyeusi zina PPD, kemikali ya kutia weusi inayojulikana kwa kuleta mzio, na glavu iliyoingiwa na rangi ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu kwa sababu imeifungia kwenye jasho. Inawezekana anadhuriwa na vyote viwili. Jibu la uhakika ni kipimo cha viraka: daktari wa ngozi anabandika mgongoni dozi ndogo za vitu vinavyoshukiwa, vinakaa saa 48, anaviondoa na kusoma, kisha anasoma tena siku ya tatu au ya nne. Mgongo usiwe umepakwa krimu ya steroidi (dawa ya kuzima uvimbe na mwasho) wiki iliyotangulia. Hapo Arua anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, mwombe barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi. Na mbebe boksi la glavu pamoja na pakiti ya rangi, msitupe. Daktari bila majina ya kemikali anabahatisha.

Tafadhali msijipime wenyewe kwa kupaka rangi, dawa ya kunyoosha au saruji kwenye mkono na kufunga bandeji. Hivyo huunguza, na vinaweza kuufundisha mwili mzio ambao haukuwepo.

Huku mkisubiri, fanyeni hivi. Vilengelenge vinavyotoa maji viloweshwe kwenye maji ya pamanganeti yenye rangi ya waridi hafifu (kipimo ni miligramu 100 kwa lita 1), dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, hadi vikauke, kwa kawaida siku chache tu. Yachujwe vizuri, maana chembe isiyoyeyuka inaunguza. Kucha zipakwe mafuta ya mgando kwanza zisigeuke kahawia. Kama pamanganeti hakuna, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa kinasaidia. Mkiona usaha, ganda la rangi ya asali, homa, au mchirizi unaopanda mkononi, bakteria wameingia. Hapo anahitaji kuonwa siku hiyo.

Duka_la_Dawa_Jinja
Niongeze kuhusu hiyo krimu ya mchanganyiko, maana inatuumiza wengi hapa Uganda. Tyubu moja ina steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Steroidi inazima mwasho, mtu anaona amepona, chanzo kipo palepale. Kama ni fangasi, steroidi inaificha huku inatambaa. Angalieni hili: fangasi ya mkono mara nyingi hushika mkono mmoja, na ukitazama miguu unakuta imo pia. Upele wa kuambukiza (skebisi) nao husumbua kati ya vidole na kwenye vifundo, ila unawasha usiku zaidi na nyumbani hawashwi mmoja. Huo hautibiwi na steroidi hata kidogo. Unataka dawa ya kupaka ya permethrini au benzili benzoeti kwa nyumba nzima siku moja.

Kwa ukurutu wenyewe daktari akiandika betamethasoni 0.1%, ombeni ya mafuta badala ya krimu pale ngozi ilipokauka na kupasuka. Krimu ina maji na vihifadhi, inachoma kwenye nyufa, na vihifadhi vyenyewe vinaweza kuleta mzio. Palipo na maji maji, krimu ndiyo inafaa.

Kiasi ndicho kinachokosewa. Kamua dawa kwa mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza wa mtu mzima: hiyo ni karibu nusu gramu. Mkono mmoja, ndani na nje, unahitaji kipimo kimoja cha hivyo. Mikono miwili ni gramu 1. Ukipaka mara moja tu, usiku, kwa siku 14, tyubu ya gramu 15 inatosha. Watu wanapaka punje ya mchele, wanasema dawa haifanyi kazi. Wengine wanaifanya losheni ya kila siku miezi sita, ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Zile za kung'arisha ngozi zinazouzwa bila maelezo nyingine zina steroidi kali ndani, nazo zisitumike.

Vidonge vya mzio kama cetirizini kwa ukurutu huu havisaidii sana. Klofeniramini usiku inamlaza tu. Asiendeshe boda baada ya kuimeza.

Mkufunzi_wa_Nywele
Wadau wa dawa wamemaliza upande wao, mimi naongelea mpangilio wa kazi. Hapo ndipo saluni nyingi zinapokosea.

Kata nywele kwanza, paka rangi baadaye. Ukipaka rangi halafu ukakata, vidole vitupu vinashika nywele zenye mabaki ya rangi kwa nusu saa nzima. Kuchanganya rangi, kupaka na kuisuuza vyote ni kazi ya glavu. Wengi wanavaa wakati wa kupaka na kuvua kwenye sinki, pale ambapo rangi inatiririka hadi kwenye kiwiko.

Glavu ya rangi ni ya mteja mmoja. Kuigeuza ndani nje na kuivaa tena ni kujipaka rangi mwenyewe. Nunueni za nitrili (mpira wa kiwandani usio na utomvu) zenye mdomo mrefu na mkunje mdomo nje, tone likiteremka linaishia kwenye mkunjo. Kwa huyo dada wa pili tafuteni zilizoandikwa kwamba hazina kemikali za kugandishia mpira, maana hata nitrili nyingine zinazo. Kwa kuosha kichwa za plastiki laini ya vinili zinatosha, ila kwa rangi ni dhaifu.

Joto la Arua linaleta tatizo lingine: jasho. Glavu isikae mkononi zaidi ya dakika 20 bila kuvuliwa. Zikihitajika kwa muda mrefu zaidi, chini yake vaeni za pamba, zibadilishwe zikilowa. Mkono uwe mkavu kabisa kabla ya kuvaa. Pete zivuliwe mlangoni, na huyo anayeosha vichwa apokezane na mwenzake.

Mnaopaka kucha za jeli, nitrili nyembamba isiwape imani. Jeli ile mbichi inapenya ndani ya dakika. Vipele vya ncha za vidole kwa mpakaji kucha ni jeli hiyo hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikigusa glavu, vueni muda huo huo.

Fundi_Mnara_Busia
Naomba na sisi wa saruji tusisahauliwe, maana mwasho ni ule ule. Saruji mbichi ina alkali kali, pH yake ni 12 hadi 13, inaunguza ngozi polepole bila maumivu ya mwanzo. Juu ya hapo ina kromu, na mzio wa kromu ukishamshika fundi ni vigumu sana kuachana nao. Umoja wa Ulaya tangu Januari 2005 unataka kromu hiyo isizidi sehemu 2 kwa milioni, kwa hiyo viwanda vinatia feri salfeti ya kuipunguza, ambayo nguvu yake hupungua mfuko ukikaa sana au ukipata unyevu.

Makosa ya saiti ni matatu. Kunawa kwenye pipa lilelile la kuoshea mwiko. Kunawa kwa petroli au thina. Na glavu za ngozi: ngozi nyingi hulainishwa kiwandani kwa kromu, unamkinga fundi na kromu kwa kumvika kromu. Tumieni za kitambaa zilizopakwa nitrili, na saruji ikiingia ndani zivuliwe hapo hapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi. Saluni pia ni mahali pa kazi.

SaluniArua
Asanteni sana, Mungu awabariki. La mwisho: wapake nini kila siku, na warudi kwenye kazi kamili lini?

Kliniki_ya_Ngozi
Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, au mafuta safi ya shea ya kaskazini kama hayakutiwa manukato. Kila baada ya kunawa, na kwa wingi kabla ya kulala. Wakaushe vidole kimoja kimoja kwanza. Usiku wapake, wavae soksi za pamba safi mikononi. Sabuni ya mche iachwe ya nguo. Mkono ukiwa hauna uchafu unaoonekana, spiriti ya kusafishia mikono inakausha ngozi kidogo kuliko sabuni, japo inachoma palipopasuka.

Mkono unaonekana mzima baada ya wiki 3 au 4, lakini chini yake ngozi bado dhaifu; kinga yake inahitaji miezi miwili, mitatu au zaidi. Wengi wanarudia kuosha vichwa kwa mikono mitupu wiki ya tano na kuanza upya. Weusi utakaobaki unaweza kukaa miezi kadhaa, usiwatishe na wasiuchubue. Huyo anayejifunza nampa matumaini makubwa ya kupona kabisa mkimpunguzia maji. Huyo wa pili mzio wake hautaondoka, lakini kitu chenyewe kikishajulikana na kuondolewa anaweza kuendelea na kazi ya nywele. Mpeni kiti cha kusuka hadi majibu ya viraka yatoke, na mtuandikie hapa yamesema nini.