Nimepewa kliniki ya afya ya akili, nianze kusoma nini?

SistaWaAlhamisi:

Habari za zamu, wakuu. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 6 kazini, kituo cha afya cha kijijini mkoa wa Morogoro. Mwezi wa nne mwenzetu aliyekuwa anashika kliniki ya afya ya akili alihamishwa, nikaambiwa, "Sista, Alhamisi ni zako." Nilikabidhiwa rejesta, ufunguo wa kabati na kitini cha semina cha kurasa 12, maandishi yamefifia. Mafunzo yangu ya magonjwa ya akili ni yale ya chuoni tu.

Wengi wanaokuja ni wa kifafa. Wanaofuata ni wanaosikia sauti, kisha akina mama wanaosema "nina mawazo mengi, kichwa kinawaka moto", na sijui niwaandike nini kwenye rejesta.

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja wa miaka 19. Aliletwa mwezi wa sita amefungwa kamba za katani mikononi. Tabibu aliandika haloperidol, dawa ya wanaosikia sauti au waliochanganyikiwa, nikachoma sindano, akatulia, akarudi nyumbani na vidonge. Usiku wa siku ya pili shingo ikapinda upande, macho yakageukia juu, ulimi ukawa unatoka. Mama yake aliona jini limekasirishwa na sindano. Wakampeleka kwa mganga, vidonge wakatupa. Nilisikia wiki mbili baadaye kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Nilipomuuliza tabibu ndipo nikajua kwamba ilikuwa dawa. Mama hakuambiwa mapema kwa sababu mimi niliyempa vidonge mkononi sikujua. Sijalala vizuri tangu hapo.

Nisome nini, na nianzie wapi, mtu ambaye hana daktari bingwa wa kumuuliza? Kiingereza nasoma, ila taratibu.

MamaWaWodi:

Pole mdogo wangu. Nimefanya kazi wodi za wagonjwa wa akili Dodoma miaka 27, sasa nimestaafu. Wauguzi wengi tumejifunza shingo iliyopinda namna hiyohiyo, kwa mgonjwa aliyeumia kwanza.

Pakua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa mhGAP, toleo la pili la mwaka 2016. Ni bure. Umeandikwa kwa ajili ya tabibu na muuguzi wa ngazi yako, siyo bingwa. Usiusome kama riwaya, kurasa zinakwenda kwa mishale: uliza hili, ukijibiwa ndiyo nenda huku. Jumatano jioni fungua rejesta, tazama nani anatarajiwa kesho, soma sura yake tu. Sura ya kwanza kwako iwe ya saikosisi, yaani ugonjwa wa kusikia sauti na kupotewa na uhalisia, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi.

Humo utakuta haloperidol ya kumeza inaanzwa na miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, kisha inapandishwa pole pole. Sehemu nyingi nimeona watu wanaanza na 10 ili kijana "atulie". Anatulia kweli, halafu anakakamaa. Vijana wa kiume ndio hupata zaidi, na mara nyingi ni siku za mwanzo. Dawa ya kukakamaa huko ni benzhexol, ile tuliyozoea kuiita Artane, au sindano ya promethazine. Ikichomwa, mara nyingi ndani ya nusu saa shingo inarudi. Akishindwa kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Na kabla hajatoka mlangoni, mwambie aliyemleta: "Shingo ikipinda au ulimi ukivuta, ni dawa, ina tiba, mleteni hata usiku." Mwambie arudie maneno hayo mbele yako.

Jambo la pili lisome mara mbili: kabla ya kusema ni ugonjwa wa akili, tafuta homa, malaria, sukari, jeraha la kichwa, na pombe iliyokatishwa ghafla. Niliwahi kupokea mama wa siku 5 baada ya kujifungua, kafungwa kwa kanga, anaongea peke yake. Ndugu walisema kapagawa. Joto lilikuwa nyuzi 40, kizazi kimeoza. Angekufa kwetu akiwa na largactil, dawa nyingine ya saikosisi, mwilini.

Ukishazoea, tafuta kitabu cha Vikram Patel, Where There Is No Psychiatrist, toleo la 2018 aliloandika na Charlotte Hanlon. Kiingereza chake chepesi, na kimepangwa kwa malalamiko: mtu asiyelala, mtu aliyechanganyikiwa, mtu mwenye maumivu yasiyoonekana kwenye vipimo. Hao wa kichwa kuwaka moto utawakuta humo. Usiwaulize kama wana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, hawalijui neno. Uliza kama bado wanafurahia mambo waliyokuwa wakiyafurahia, wanalala vipi, wanakula vipi.

TabibuPwani:

Dadangu, niko Kilifi, Kenya. Mama amesema vizuri, naongeza sura moja tu: ya kujidhuru na kujiua. Mimi niliiruka mwaka mzima kwa woga. Nilidhani nikimuuliza mtu kama anawaza kujiua nitamtia wazo. Mwongozo unasema wazi kwamba kuuliza hakuongezi hatari, na wengi hushusha pumzi wakiulizwa. Uliza mkiwa wawili tu, wewe na yeye, mlango umefungwa. Akikubali, uliza dawa ya wadudu ya shambani inawekwa wapi, kisha omba ndugu aitoe nyumbani siku hiyohiyo. Kwetu Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa ni kinyume cha Katiba. Watu walikuwa wananyamaza kwa kuogopa polisi.

DukaLaDawa_CTC:

Kwa wale wa kifafa: dawa zao za carbamazepine, phenobarbital na phenytoin hushusha kiwango cha dolutegravir, dawa ya VVU, mwilini. Mgonjwa akiwa anatumia TLD, kidonge cha VVU chenye dolutegravir ndani, usimwanzishie wala kumbadilishia dawa hizo bila kuzungumza na wenzako wa CTC, kliniki ya VVU. Na valproate, dawa nyingine ya kifafa, usimpe msichana wala mama wa umri wa kuzaa kama kuna njia nyingine, inaharibu mtoto tumboni.

SistaWaAlhamisi:

Shikamoo mama. Asanteni nyote. Mwongozo nimeupakua, sura ya saikosisi nimeisoma siku tatu na kamusi pembeni. TLD nimekagua kadi zote, wawili wanatumia carbamazepine, nimeshapeleka majina CTC.

Jumamosi nilikodi bodaboda hadi kwa mama yule. Kijana yupo, bado anasikia sauti, hajameza kidonge tangu mwezi wa sita. Nilimwomba mama radhi. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo shingo ile ilikuwa dawa?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba nilipaswa kumwambia kabla. Amesema atamleta Alhamisi na mjomba wake, bila kamba. Tabibu amekubali tuanze na haloperidol miligramu 1.5. Benzhexol zipo vidonge 40 kabatini, nimehesabu mwenyewe.