Joe Jackson aingie Cooperstown au abaki nje?

Mwana Ilala: Wakuu, Mei 2025 kamishna wa besiboli ya Marekani, Rob Manfred, aliwaondolea adhabu wachezaji marehemu waliofungiwa maisha kushiriki mchezo, "Shoeless" Joe Jackson akiwemo. Mlango wa Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown sasa uko wazi kwake. Wastani wake wa kupiga (sehemu ya majaribio yake yaliyofanikiwa) ni .356, na 1911 alifika .408! Aingie.

Bin Saidi: Aingie wapi? Fainali za 1919 dhidi ya Cincinnati, wachezaji wanane wa timu yake, White Sox, walishtakiwa kuziuza kwa wacheza kamari, naye akapokea dola 5,000. Mwizi ni mwizi.

Kijana wa Pangani: Huyo mwizi fainali hizo alipiga .375, na kwenye ulinzi hakuandikiwa kosa hata moja. Tumwonee huruma jamani. Tangu utotoni yuko kiwanda cha pamba South Carolina, kusoma hajui. Mtu asiyesoma wajanja wanamzungusha tu.

Bin Saidi: Hapo umenikera. Bibi yangu hakujua herufi hata moja. Hesabu za chama cha akina mama alizitunza kwa mafundo ya kamba, na senti haikupotea. Usitukane wazee.

Kijana wa Pangani: Nimemtukana nani? Soma vizuri.

Mwana Ilala: Turudi kwenye mada. Agosti 1921 mahakama iliwaachia wote, kesho yake Landis, kamishna wa wakati huo, akawafungia maisha. Hiyo ni haki?

Mama Zuhura: Mimi nimefundisha kisomo cha watu wazima. Asiyesoma ukimwekea karatasi hatazami karatasi, anatazama uso wako. Nimeona mzee akipiga dole gumba kuuza shamba lake, anatabasamu, akidhani anakodisha. Na Jackson aliishtaki klabu, kesi ikasikilizwa 1924 kule Milwaukee, akisema mkataba alisomewa sivyo. Jopo la raia likampa ushindi.

Bin Saidi: Shikamoo mama. Malizia basi: hakimu aliufuta ushindi huo, maana ushahidi wake ulipingana na alichokisema kwa kiapo 1920. Na noti hazisomwi, zinahesabiwa.

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Pesa alichukua, sibishi. Ila yule mzee wa shamba naye alihesabu noti zake vizuri kabisa, mbele yangu.

Kijana wa Pangani: Bin Saidi, bado nasubiri uniombe radhi.