ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya bibi wa miaka 91: PR 240, mapigo 48. Ni uzee au ugonjwa?

Tabibu_Kituoni
Wakuu, bibi wa miaka 91, kilo 44. Mapigo 48 yenye mpangilio, PR (muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini) 240 ms, tawi la kulia la njia ya umeme limeziba na mhimili, yaani mwelekeo wa umeme, umeelekea kushoto. Kifua hakimuumi, ila anachoka upesi. Anameza dawa za presha: amlodipine 5 mg na atenolol 50 mg kwa siku. Nimpe rufaa?

Sanduku5
PR hiyo ni visanduku vidogo 6 vya karatasi ya ECG, mwisho wa kawaida ni 5. Ikiwa peke yake, kwa umri huo haitibiwi: nyuzi zinazopitisha umeme wa moyo hupungua uzeeni na kovu huchukua nafasi zake. Lakini hiyo 48 usiisukumie uzee kabla ya kukagua dawa. Atenolol hupunguza mapigo, na hutolewa mwilini na figo. Tuseme kreatinini yake (taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo) ni 90 µmol/L, karatasi ya maabara itasema kawaida. Ukipiga hesabu kwa umri na uzito, (140 − 91) × 44 × 1.04 ÷ 90, unapata figo zinasafisha kama 25 mL tu kwa dakika. Kwa figo hizo, 50 mg kwa siku ndiyo dari.

MamaDuka_laDawa
Muulizeni na matone ya macho. Wazee wengi hawayahesabu kuwa dawa. Timolol, matone ya presha ya macho yaliyo jamii moja na atenolol, hushuka na machozi hadi puani, ikaingia kwenye damu bila kupita ini, na mapigo yakashuka zaidi.

Atenolol msiikate ghafla: ameze 25 mg kila siku kwa muda wa wiki moja au mbili, kisha aache. Msiweke verapamil wala diltiazem mahali pake, nazo hupunguza mapigo. Pimeni potasiamu, ikipanda nayo hupunguza mapigo.

Njia_Tatu
Mkuu Sanduku5, hapo PR haiko peke yake. Tawi la kulia na mhimili wa kushoto maana yake njia mbili kati ya tatu zinazopeleka umeme vyumba vya chini zimeshakwenda. Tabibu, usiulize "umewahi kuzirai?" tu. Uliza kila alipoanguka: alikumbuka kugusa sakafu? Bibi atakwambia aliteleza, kumbe alizirai.

Rudia ECG baada ya atenolol kuisha mwilini. Akiwa amewahi kupoteza fahamu, mapigo yakiwa chini ya 40, au P (alama ya vyumba vya juu) zikikosa QRS (alama ya vyumba vya chini) kwenye ECG, usisubiri: rufaa siku hiyohiyo, na nakala za ECG zote mbili. Betri ya moyo (kifaa cha kuendesha mapigo) inawekwa hata kwa umri huo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanaweka.