Zamu zangu zinabadilika kila wiki: muda wa kuchora nautoa wapi?

NesiKorongo:

Wanajamvi, habari za humu. Naona wengi mna kazi za sanaa pembeni ya kazi zinazowalipa, kwa hiyo nikaona hili nililete hapa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Wiki hii naingia asubuhi, ijayo usiku, kisha napata siku mbili za ofu ambazo nazo nyumbani zina wenyewe. Nina watoto wawili, mkubwa miaka minane, mdogo minne. Tangu mwaka juzi nachora hadithi ya picha kwa rangi za maji, ya korongo mwenye mguu mmoja mfupi. (Akisimama hakuna anayegundua, maana korongo wote husimama kwa mguu mmoja. Balaa linaanza akitembea.) Kitabu cha picha kwa kawaida ni kurasa 32. Nimemaliza 6. Sita, jamani, na 4 kati ya hizo nilizichora mwaka ule wa kwanza.

Kila ninayemuuliza ananiambia niamke saa kumi alfajiri kila siku. Wiki za usiku, saa kumi alfajiri niko wodini napima joto watoto wa watu.

Jumanne iliyopita nilijaribu. Nilitoka zamu mapema, watoto walikuwa kwa shangazi yao, nikawa na dakika 40 zangu peke yangu. Nikashusha boksi juu ya kabati. Nikafuta meza. Nikatafuta kopo la maji. Nikakuta brashi yangu nyembamba imekaukia rangi, nywele zimesimama kama za mtu aliyeamshwa ghafla, nikailoweka. Nikabandika karatasi kwenye ubao kwa utepe, kona nne, mojawapo ikakataa kushika. Hadi napaka bawa la korongo ile rangi nyepesi ya kwanza, zimebaki dakika 9. Na rangi ya maji ukiiongezea nyingine kabla haijakauka inatawanyika, unabaki na doa badala ya bawa. Nikakaa naipulizia kwa mdomo. Mlango ukagongwa.

Hamu ninayo, kwa hiyo msinipe maneno ya kunitia moyo. Ninachouliza ni hiki: mtu ambaye saa zake hazifanani wiki mbili mfululizo anajengaje mazoea? Na msiniambie nipunguze simu. Simu nilishapunguza, usingizi ndio haupunguziki.

BundiMstaafu:

Mwanangu, pole na kazi. Lakini mimi nitasema lile usilotaka kulisikia: bila saa maalumu hakuna kitu. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta miaka mingi na bado akaandika riwaya zaidi ya 40. Aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, na akajidai maneno 250 kila robo saa. Halafu ndipo anaenda kazini. Mimi nilipokuwa kazini nilichonga vinyago kila Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, kwa miaka 19, na mvua haikuwahi kunizuia. Tafuta saa moja, ilinde.

MamaPacha:

Mzee wangu, heshima yako, ila huyo Trollope ameeleza mwenyewe kwamba alikuwa na mtumishi wa kumwamsha na kumletea kahawa, na akamsifu kwa kutochelewa hata siku moja. Mimi nikipata mtu wa kuniletea kahawa saa kumi na moja na nusu nitashona hadi mapazia ya mtaa mzima. Na hizo Jumamosi zako, kuna mtu alikuwa anaogesha watoto wakati wewe unachonga. Nakutania tu, lakini si sana.

Dada Nesi, rudia kusoma ulichoandika. Katika dakika 40, nusu saa imeliwa na boksi, meza, kopo, brashi na utepe. Hapo ndipo muda wako unapopotelea.

Mimi nashona mablanketi ya viraka na nina pacha wa miaka mitano. Zamani kila nikitaka kushona nilianza kwa kutafuta mkasi. Siku hizi kazi yangu haifungwi. Ina ubao wake mpana, viraka vimepangwa juu yake, sindano ina uzi tayari, na ubao unasukumwa chini ya kitanda ulivyo. Nikiuvuta, nashona. Nyingine ni hii: kazi zangu nimezigawa kwa kadiri ninavyochoka. Kuchagua rangi kunataka akili, nafanya nikiwa nimelala vizuri. Kushona mstari ulionyooka nafanya hata nikiwa na usingizi kidogo. Kukata viraka vya mraba nafanya nikiwa zombi kabisa. Kwako wewe hata kubandika karatasi kwenye ubao, kuchonga penseli na kuosha brashi ni kazi za zombi. Usizile dakika zako nzuri kwa hizo. Zifanye jioni unayojua huna kitu kichwani.

MsomaTafiti:

Niingie kidogo hapo kwenye neno mazoea, kwa sababu watu wanalichanganya na saa ya ukutani. Kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ulichapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja tendo moja dogo wakalifanya kila siku kwa wiki 12. Wastani wa siku za tendo kuwa mazoea ulikuwa 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia 18 hadi 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Kwako jambo kubwa ni jinsi walivyolifunga lile tendo. Walilifunga kwenye tukio, mfano "baada ya kifungua kinywa". Tukio linaweza kuhama pamoja na rosta yako, saa haiwezi. Je, kuna kitu kinachotokea kila zamu, iwe asubuhi au usiku, bila kukosa?

GitaaBovu:

Mimi napingana kidogo na wote. Hizi dakika kumikumi zinafaa kuweka moto usizimike, ila kuna kazi haziingii humo. Bawa halikauki kwa sababu una haraka. Mimi wimbo naweza kuutunga vipande vipande, lakini kuurekodi nahitaji saa nne mfululizo, basi. Nilihangaika miaka nikijaribu kuziiba hizo saa nne, nikiibia usingizi, nikiibia watoto, nakuwa na hatia muda wote na gitaa linasikika lina hatia. Mwishowe nikamwambia mke wangu wazi, nataka Jumapili moja kwa mwezi, na wewe chukua yako. Tulipigania kidogo tarehe, sasa imeandikwa ukutani.

Umesema siku zako za ofu zina wenyewe. Wewe si mmoja wao? Mwenzio anajua kwamba unataka muda, au anakuona tu ukishusha boksi na kulirudisha?

NesiKorongo:

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahanini kwa kimya, nilikuwa usiku.

MsomaTafiti, swali lako nilitembea nalo siku mbili. Kipo. Kila zamu inaisha kwa kukabidhi ripoti, halafu nakaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo kuvua viatu vya kazi. Kila zamu, lazima. Sasa kwenye kabati langu pale kuna kijitabu na penseli moja. Kiatu kikitoka, penseli inaingia mkononi, dakika kumi, kisha naenda nyumbani. Sipaki rangi pale. Napanga tu kurasa, michoro midogo ya ukubwa wa kiberiti: korongo yuko wapi, maji yako wapi, maneno yatakaa upande gani.

Katika zamu 14 nimekaa hivyo mara 10. Mbili ripoti ilichelewa, moja nilisahau tu, na moja sitaieleza, wodi ya watoto ina siku zake. Zilikuwa zimebaki kurasa 26, yaani jozi 13. Jozi 9 zimeshapangwa. Sikuwahi kujua kwamba kilichokuwa kinanichelewesha mezani ni kutojua nachora nini. Nilikuwa natumia rangi kufikiri. Ila michoro ya wiki ya usiku ina vituko, kuna mmoja korongo ana magoti matatu na sikumbuki kuuchora.

GitaaBovu, ulinichoma. Hakuwa anajua. Alidhani boksi nalishusha kufanya usafi! Nimepewa ofu ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana, na ya juzi nilimaliza kurasa mbili zinazotazamana. Nilipaka bawa, likiwa linakauka nikahamia kwenye nyasi za ukurasa wa pili, nikarudi. Saa tano na robo nilikuwa nimekwisha, nikakaa nikiangalia tu.

MamaPacha, ubao uko chini ya kitanda kama ulivyosema. Tatizo mdogo ameugundua jana.

BundiMstaafu:

Ofu ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi hadi saa saba. Hiyo ni nini kama si saa maalumu? Haya, mimi nimenyamaza.

MamaPacha:

Mzee acha, ushindi tumekupa.

Dada, pandisha ubao juu ya kabati la nguo, lakini usije ukarudisha kitu kwenye boksi. Rangi ziache kwenye kisahani hivyohivyo zikauke. Za maji zinaamka ukizidondoshea tone. Na mdogo mpe kipande cha karatasi ileile nzito na brashi yako ile iliyosimama nywele, mwambie hiyo ni ya kwake. Pacha wangu wana viraka vyao, vyangu hawavitaki tena.