"Aligundua" au "alifika"? Kitenzi kimoja na mtazamo wa mwandishi

Mwalimu wa Malindi:
Assalamu alaykum, wenzangu. Ninawafundisha wanafunzi kuhakiki matini za historia, na nimekwama penye sentensi isemayo kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama, akipitia Malindi, "aligundua" njia ya bahari ya kwenda India. Je, kitenzi hicho pekee chatosha kutuonyesha itikadi ya mwandishi?

Binti wa Lamu:
Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kwa kuanzia chatosha, kwa sababu kugundua ni kukiona kisichojulikana, ilhali rubani aliyemwongoza kutoka Malindi hadi Calicut aliijua njia hiyo, na majahazi yalikuwa yakiifuata kwa pepo za kaskazi na kusi karne nyingi kabla. Anayeandika "aligundua" amesimama sitahani pamoja na Wareno. Anayeandika "alifika" amesimama ufuoni pamoja nasi.

Mzee wa Mkomani:
Mwanangu amesema kweli, ila mimi hutazama zaidi kauli za vitenzi. "Ardhi ilipotea" haina mkosaji kabisa. "Ardhi ilichukuliwa" yakiri kwamba mchukuaji yupo, lakini yamsitiri. "Walowezi waliichukua ardhi" yamtaja waziwazi. Wanafunzi waulizwe kila mara ni nani aliyeondolewa katika sentensi, na kuondolewa kwake kunamfaa nani.

Mwalimu wa Malindi:
Shikamoo, mzee wangu, na ahsante. Kesho wataziandika upya sentensi hizo, kisha nitawapa "watumwa" na "watu waliotiwa utumwani" wazilinganishe.